Kubonyeza Enter Si Kutuma Ujumbe

Programu ya gumzo tunayotumia kazini imesasishwa, na tangu hapo kila nikiandika Kijapani inatuma vipande. Naanza sentensi, nachagua kanji (herufi zenye asili ya Kichina), nabonyeza Enter kuithibitisha, na papo hapo nusu ya sentensi imeshamfikia mteja bila kitenzi. Kijapani huweka kitenzi mwishoni, na ukanushi humo humo, kwa hiyo anayepokea hajui kama nimekubali, nimekataa au nimeomba muda zaidi. Nimewaandikia watengenezaji. Wamejibu kwamba tatizo linawahusu watumiaji wachache na litaangaliwa baadaye. Jibu hilo limenikera kuliko hitilafu yenyewe.

Anayeandika Kiswahili au Kiingereza anabonyeza kitufe kimoja anapata herufi moja, na akifika kwenye Enter ameshamaliza. Kijapani hakiandikwi hivyo. Unaandika sauti kwa herufi za Kilatini, IME (programu ya kuingizia maandishi) inazigeuza kuwa hiragana, herufi za Kijapani za silabi, unabonyeza kitufe cha nafasi ikuletee kanji zenye sauti hiyo, unachagua, ndipo Enter inasema: ndiyo, hii hii. Andika kousei uone orodha inavyoshuka: 構成, 校正, 公正, 恒星, 更生. Moja ni muundo, nyingine ni kusahihisha maandishi, nyingine ni uadilifu, nyingine ni nyota. Mwandishi lazima achague, na hawezi kuchagua bila kuthibitisha.

Wajapani wana sentensi maarufu ya kupimia IME: 貴社の記者は汽車で帰社した, yaani mwandishi wa habari wa kampuni yenu amerudi ofisini kwa treni. Sauti kisha imo mara nne, kila mara kwa kanji zake. Mtu makini anayethibitisha kipande baada ya kipande atakuwa amebonyeza Enter mara kadhaa kabla hajafika kwenye nukta. Kwenye programu yetu kila mbonyezo ni ujumbe umeondoka. Ni kama kuzungumza na mtu anayekukata kauli kila ukivuta pumzi.

Na hili si jambo geni hata kidogo. Toshiba walitangaza JW-10, mashine ya kuandikia Kijapani yenye ukubwa wa meza ya ofisini, mwaka 1978, kwa bei ya yen milioni 6.3. Tayari ilikuwa ikigeuza kana, yaani herufi za silabi kama hiragana, kuwa kanji. Leo kivinjari chenyewe kinamwambia mtengenezaji kwamba mtu bado anatunga. Taarifa hiyo inaitwa isComposing, na kinachohitajika ni sharti moja kwenye msimbo: kama bado anatunga, usitume. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Safari, kivinjari cha Apple, imewapa watu taabu, kwa sababu kwa miaka mingi imekuwa ikitangaza mwisho wa utungaji kabla ya kuripoti ile Enter, kinyume na vivinjari vingine, hivyo hata aliyeweka sharti hilo anaweza kunaswa. Lakini njia ya kulizunguka inajulikana: angalia kama namba ya kitufe ni 229, ambayo ni ishara kwamba IME bado inakishughulikia.

Hao "watumiaji wachache" ni akina nani? Wajapani peke yao ni zaidi ya milioni 120. Wachina wanaoandika kwa pinyin, yaani sauti za Kichina kwa herufi za Kilatini, wanapitia hatua ile ile ya kuchagua na kuthibitisha, na Wakorea nao huunda silabi zao kwa utungaji wa namna hiyo. Tunazungumzia sehemu kubwa ya watu wote wanaotumia kompyuta duniani. Wamekuwa wachache kwa sababu tu hakuna aliyewasha IME wakati wa majaribio, ilhali kuiwasha kwenye kompyuta ya Kiingereza ni kazi ya dakika chache na haihitaji ujue Kijapani. Haihitaji hata kibodi ya Kijapani. Kwenye Windows, Alt pamoja na kitufe kilicho juu ya Tab vinatosha kubadilisha.

Kuna wanaoniambia nishukuru, kwamba Unicode, mfumo wa kuzipa namba herufi za lugha zote, imemaliza matatizo yote. Nashukuru. Aliyewahi kufungua barua pepe ya Shift_JIS, mfumo wa zamani wa herufi za Kijapani, ikatoka matakataka matupu anajua tulikotoka. Enzi za Windows XP ya Kiingereza ilibidi uongeze faili za lugha za Asia Mashariki, megabaiti 230 au zaidi, na mara nyingi ulidaiwa CD ya usakinishaji. Hayo yamepita, isipokuwa majina ya faili ndani ya zip za zamani, ambayo bado huharibika.

Ila Unicode ilizipa kanji za Kijapani na za Kichina namba moja pale ilipozihesabu kuwa herufi ile ile, na kazi ya kuonyesha umbo sahihi ikaachiwa fonti. Tazama 直, namba U+76F4. Kwa Kijapani, mstari hushuka upande wa kushoto kisha hukunja kwenda kulia chini ya herufi. Kwa Kichina, chini kuna mstari wa mlalo tu. 骨 nayo ina kona ndogo juu inayoelekea kulia kwa Wajapani na kushoto kwa Wachina wa bara. Ukurasa usiposema ni wa lugha gani, kompyuta ya Kiingereza mara nyingi huchukua fonti ya Kichina, na msomaji Mjapani hugundua mara moja. Mwanafunzi hagundui. Anainakili kwenye daftari, na mwalimu anamkosoa kwa umbo aliloliona kwa macho yake kwenye somo la Kijapani. Hilo linaniuma, kwa sababu mwanafunzi huyo amefanya kila alichotakiwa kufanya.

Dawa yake ni lang="ja", alama kwenye msimbo wa ukurasa inayosema maandishi haya ni ya Kijapani. Iwekeni, hata kama ukurasa wote uliobaki ni wa Kiingereza. Si lazima ikae juu ya ukurasa mzima; inakubalika kwenye aya moja, hata kwenye neno moja katikati ya sentensi, na kivinjari kitalitafutia neno hilo fonti ya Kijapani.