Bloku ipi hiyo?

Kwenye Linux yenye ext4 ya kawaida (mfumo wa faili, yaani namna ya kupanga data kwenye diski kwa vipande viitwavyo bloku), andika herufi moja katika faili mpya, kisha iangalie kwa amri ya stat, inayoonyesha taarifa za faili. Utaona "Blocks: 8", na pembeni yake "IO Block: 4096". Mgeni atazidisha, apate baiti 32,768 kwa ajili ya herufi moja! Kumbe zile 8 zinahesabiwa kwa baiti 512 kila moja, jumla 4,096 tu. Jina ni lile lile, mstari ni ule ule, vipimo ni viwili.

Ukiingia kwenye msimbo wa kerneli, kiini cha Linux, mambo yanazidi. Tabaka linaloongea na diski huhesabu kwa sekta za baiti 512, hata kama diski yenyewe ina sekta za 4,096. Btrfs, mfumo mwingine wa faili, nao wakaja na jina sectorsize, wakimaanisha kile ambacho ext4 huita ukubwa wa bloku. Anayehama kutoka mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine asipokuwa macho atazidisha mara nane pasipotakiwa, na kompaila, programu inayotafsiri msimbo, haitamwambia kitu, kwa kuwa zote kwake ni namba.

XFS, mfumo wa faili wa tatu, wananivutia zaidi hapa. Majina yao hayapendezi hata kidogo: daddr kwa anwani ya vipande vya 512, fsbno kwa namba ya bloku ya mfumo wa faili, agbno kwa bloku ndani ya kundi moja la ugawaji, yaani sehemu moja ya mfumo wa faili. Lakini ukishayazoea, jina lenyewe linakuambia kipimo.

Wapo wanaopinga kusawazisha majina, yaani kuyabadilisha ili kila jina libebe kipimo kimoja, na hoja yao ina uzito. Badilisha jina kwenye mistari mia, na git blame, amri inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho, itamtaja aliyebadilisha jina badala ya aliyeandika mantiki. Halafu marekebisho ya leo yanagoma kuingia kwenye matoleo ya zamani yanayoendelea kutunzwa. Kwa hiyo jina lisibadilishwe kwa sababu tu halimpendezi mtu. Ila pale ambapo jina moja limebeba vipimo viwili, usumbufu huo tuubebe. Na st_blocks, ile hesabu ya vipande vya 512 ambayo stat huionyesha kama "Blocks", tuiache ilivyo, maana programu za watumiaji zinaitegemea.

Kiraka cha majina, yaani mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kukaguliwa, kiwe cha majina tu. Kikija na marekebisho ya hitilafu humo humo, mimi ningekirudisha kabla ya kumaliza kukisoma.