Jeshi la Milioni Moja Lilikula Nini?

Ukishika kitabu kipya cha maisha ya Alexander Mkuu, usianzie ukurasa wa kwanza. Tafuta vita vya Gaugamela, vya mwaka 331 KK, uone mwandishi amempa Dario wa Tatu, mfalme wa Waajemi, askari wangapi. Akikuambia milioni moja bila hata kuguna, ujue umeshika hekaya.

Si kwamba ameizua. Mwanahistoria Arrian ndiye aliyeandika kwamba Waajemi walikuwa na askari wa miguu milioni moja na wapanda farasi 40,000, mbele ya Wamakedonia 40,000 wa miguu na 7,000 wa farasi. Ila Arrian aliishi katika karne ya 2 BK, zaidi ya miaka 400 baada ya vita. Aliwategemea zaidi Ptolemy na Aristobulus, ambao kweli walikuwemo msafarani, lakini upande wa mshindi. Na mshindi gani hupunguza idadi ya aliowashinda?

Basi tuhesabu wenyewe. Mpe kila askari kilo moja tu ya nafaka kwa siku: hizo ni tani 1,000. Nyumbu akibeba kilo 100, unahitaji mizigo ya nyumbu 10,000 kila siku, na nyumbu nao wanakula. Farasi 40,000 wakinywa lita 30 kila mmoja, ni lita milioni 1.2 za maji. Wapange askari hao kumikumi barabarani, hatua ya mita moja kati ya safu na safu, utapata mstari wa kilomita 100. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, wa mwisho wanafika siku tano baada ya wa kwanza. Hapo hatujaweka mkokoteni hata mmoja.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki anayesimulia jinsi Xerxes, mfalme wa Waajemi, alivyoivamia Ugiriki mwaka 480 KK, angalau alijaribu hesabu hiyo. Alifikisha watu 5,283,220, wapiganaji na watumishi wao, kisha akampa kila mmoja kibaba cha ngano kwa siku. Neno alilotumia kwa kipimo hicho ndilo lile ambalo Biblia ya Kiswahili imelitafsiri "kibaba" katika Ufunuo 6:6, yapata lita moja. Jumla yake ikawa medimno 110,340 kwa siku. Medimno moja ni vibaba 48. Gawanya mwenyewe uone kwamba hata kugawanya alikosea, jibu ni kama 110,067. Kwa vipimo vyetu hizo ni zaidi ya tani 4,000, yaani malori zaidi ya 130 ya tani 30, kila siku, katika nchi ya milima. Mzee wa watu aliiweka hesabu wazi ili msomaji aikague. Waandishi wa leo huchukua jumla na kuiacha ngano.

Kosa la pili huanzia kwenye jalada. Askari wa Alexander wanachorwa na ngao pana na mkuki wa mita mbili na ushei, yaani zana za Mgiriki wa zama za Leonidas, mfalme wa Sparta aliyepigana na Xerxes. Mmakedonia alishika sarisa, mkuki wa mita tano na zaidi, kwa mikono miwili, na ngao yake ndogo ikining'inia kwa mkanda. Hilo si jambo dogo la kuwaachia wachoraji. Safu za watu wenye miti mirefu namna hiyo hutisha zikiwa kwenye uwanja tambarare. Zikivuka korongo mpangilio unafumuka, na upanga wa adui unapata pa kuingilia. Ndivyo ilivyotokea katika vita vya Issus mwaka 333 KK kwenye kingo za mto Pinarus: mamluki wa Kigiriki wa Dario walijipenyeza kwenye mwanya, na Arrian anataja Wamakedonia wenye sifa kama 120 waliouawa hapo. Mwandishi aliyewapa mikuki mifupi hawezi kueleza mwanya huo ulitoka wapi, kwa hiyo anasema tu kwamba "mapigano yalikuwa makali". (Jalada likionyesha vikuku vya kuwekea miguu juu ya farasi, mchoraji amewahi kwa karibu miaka elfu moja.)

Maneno ya kinywa nayo yamechakachuliwa. Inasemwa Alexander alilia kwa kuwa hakuna tena dunia ya kuteka. Plutarch, mwandishi wa kale, anasema kinyume: alilia aliposikia kwamba dunia ni nyingi zisizo na idadi, naye hajaimiliki hata moja. Lile fundo la kamba kwenye gari la Gordion, ambalo kila kitabu kinalikata kwa upanga, Aristobulus alisema Alexander alichomoa kigingi kilichoshikilia nira kwenye mti wa gari, fundo likalegea lenyewe. Na jibu maarufu la Leonidas alipotakiwa kusalimisha silaha, "njoo uzichukue", halimo kwa Herodotus. Limo kwa Plutarch, karibu miaka 600 baadaye.

Linalonikera zaidi ni wale Wasparta 300 wa Leonidas, wanaosimuliwa kana kwamba walilikabili jeshi la Xerxes peke yao kwenye njia nyembamba ya Thermopylae. Orodha ya Herodotus ina maelfu: Tegea 500, Mantinea 500, Korintho 400, Fokis 1,000, na wengine. Wengi waliondoka baada ya siri ya njia ya mlimani kuvujishwa kwa Waajemi, lakini watu 700 wa Thespiae, chini ya Demophilus, walikataa kuondoka wakafa pale pale. Wathebe 400 nao walibaki, ingawa Herodotus anadai walizuiliwa na mwishowe wakajisalimisha. Wasparta walikuwa na jeshi kubwa nyumbani. Kwa mji mdogo kama Thespiae, 700 ni wanaume karibu wote wenye silaha nzito. Leonidas alijengewa sanamu hapo mwaka 1955. Wathespiae walisubiri ya kwao hadi 1997, na shaba ni ghali. Kuliongeza jina la Demophilus kwenye kitabu kunagharimu mstari mmoja.