Noti ghushi za kale nazo zastahili kutunzwa

Wapo wakusanyaji wa fedha za kale ambao, wakigundua kwamba noti fulani ni ghushi, huiondoa mara moja katika hifadhi zao kana kwamba imewatia doa. Naona wanakosea, hasa pale noti hiyo ilipoghushiwa zama zile zile za makoloni ya Uingereza huko Amerika au za vita vya uhuru wa Marekani.

Bunge la makoloni yaliyoasi lilianza kutoa dola za karatasi mwaka 1775. Mwaka uliofuata Waingereza walikuwa wakizighushi ndani ya manowari Phoenix katika bandari ya New York, na Aprili 1777 gazeti moja la mji huo lilitangaza kwamba msafiri anayekwenda makoloni mengine angeweza kupata noti ghushi kwa gharama ya karatasi tu. Hiyo ilikuwa silaha, nayo ilijeruhi: Januari 1779 Bunge liliamua kuondoa katika mzunguko matoleo mawili mazima, la Mei 1777 na la Aprili 1778, kwa jinsi bandia zilivyozagaa. Atakayetunza noti halali peke yake atakuwa ametunza upande mmoja wa vita hivyo.

Mkono wa mghushi nao una mengi ya kufundisha. Benjamin Franklin alibuni mbinu ya kuchapa taswira ya jani halisi mgongoni mwa noti, akijua kwamba mishipa yake haiigiki kwa urahisi. Mghushi aliyeichonga kwa mkono kwenye bamba la shaba huonekana pale alipochoka na kuinyoosha mishipa hiyo. Mary Butterworth wa Rehoboth, Massachusetts, hakutumia bamba lolote. Alihamisha wino kwa kitambaa chepesi na pasi ya moto, akamalizia kwa kalamu, kisha akakichoma kitambaa. Aliposhtakiwa mwaka 1723, ushahidi wa kumtia hatiani haukupatikana.

Mimi huthamini zaidi noti ambayo ofisa wa wakati ule aliiandikia kwa wino kwamba ni ghushi, ingawa wanunuzi wengi hupenda iliyo safi. Kuyafuta maandishi hayo ni kuiharibu. Nakala za ukumbusho za siku hizi, zilizochapwa kwenye karatasi iliyotiwa umanjano, ni jambo jingine kabisa, na muuzaji anapaswa kumweleza mnunuzi waziwazi kabla ya kupokea fedha yake.