Buti la kaka si buti la dada: miteremko ya Innsbruck na maduka ya Moshi

Nani amewahi kuulizwa kilo zake kwenye duka la kukodisha vifaa vya mlima pale Moshi? Dada anaingia, anasema anavaa namba 39, anapewa buti la 40 la kiume na soksi ya pili ya kujazia nafasi, basi. Huku Innsbruck, mji wa Austria uliozungukwa na milima, mwanamke anayekodi skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kwa siku moja haondoki dukani kabla hajataja uzito, urefu, umri na uzoefu wake wa kuteleza, na fundi akapima soli ya buti lake kwa milimita. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya huku na nyumbani katika mambo ya mlima. Si fedha. Maswali manne hayagharimu hata shilingi.

Na maswali hayo yana sababu. Kifungio kinachoshika buti kwenye skii kina kazi mbili zinazogombana: kuushika mguu usichomoke ovyo kwenye mwendo, na kuuachia mapema mtu anapoanguka, kabla mfupa wa muundi haujasokotwa. Fundi hupata namba ya kukazia kwenye jedwali la kiwango cha kimataifa cha ISO 11088. Kilo zikiangukia mstari mmoja na urefu ukaangukia mwingine, hutumika ule wenye namba ndogo. Aliyefikisha miaka 50 hushushwa mstari mmoja. Soli ndefu huhitaji namba ndogo kuliko soli fupi, kwa kuwa buti refu ni wenzo mrefu.

Skii zenyewe, hizi za wanawake zinazotumika mlima mzima, yaani kwenye njia iliyolazwa na mashine na kwenye theluji laini ya pembeni, huwa na upana wa milimita 80 hadi 100 chini ya buti. Anayekaa njiani muda mwingi achukue 80 hadi 88. Anayependa kutoka pembeni, 94 hadi 98, akijua kwamba skii pana huchelewa kulala ubavu kwenye barafu. Urefu ni kati ya kidevu na utosi: anayejifunza aanzie kidevuni, mwenye kasi asogee utosini.

Skii iliyofikiriwa kweli kwa ajili ya mwanamke ina kiini cha mbao nyepesi kama paulonia, bati jembamba zaidi la aloi ya alumini, na mara nyingi alama ya kufungia buti iliyosogezwa mbele kidogo. Mtu wa kilo 55 hawezi kuikunja skii iliyotengenezewa mtu wa kilo 85, na skii isiyokunjika haikati kona. Inakwenda moja kwa moja huku mapaja yakiwaka moto. Kampuni ya Blizzard, kwenye skii zake za Black Pearl, hubadilisha kiini kulingana na urefu, kwa hiyo skii fupi si ile ndefu iliyokatwa mkia. Kampuni ya Elan, kwenye skii zake za Ripstick za wanawake, hutengeneza ya kushoto na ya kulia, ukingo wa ndani ukiwa umeundwa ili ushike zaidi. Kampuni ya Nordica huweka bati kwenye skii zake za Santa Ana, na matokeo yake ni utulivu kwenye theluji ngumu ukiwa na kasi, lakini uzito wake miguu huuhisi ifikapo mchana. Zipo pia skii sokoni ambazo ni zile zile za wanaume zilizobadilishwa rangi na kutolewa kwa urefu mfupi. Kumuuzia dada rangi kama vile ni kipimo ni kumkosea heshima, na hilo hufanyika huku kwenye nchi tajiri vilevile.

Ninachotaka wenzangu wa Moshi na Arusha wakitazame ni namna skii hizi zinavyojaribiwa huku Ulaya. Kingo za skii zote hunolewa sawa: pembe ya nyuzi 1 upande wa chini, nyuzi 2 au 3 ubavuni, na nta ya aina moja. Wanaojaribu huwa wanawake wa uzito tofauti, kila mmoja kwenye buti lake mwenyewe, mteremko ule ule. Kila anayeshuka huandika kadi yake kabla hajazungumza na mwenzake, maana neno la mwenye sauti kubwa likitangulia, kadi zote hufanana. Theluji ya saa tatu asubuhi ni ngumu na ya saa nane mchana imelainika, kwa hiyo skii iliyofungua siku hurudiwa mwishoni. Ikipata alama tofauti sana, kilichobadilika ni theluji.

Pamoja na hayo watu hukosea. Skii yenye ukingo butu huandikwa kuwa haishiki. Skii ambayo sehemu ya chini imebonyea katikati huwa kama gari moshi relini: haitaki kuachia mstari. Weka rula ya chuma chini yake, utazame mwanga: ukipenya katikati, hapo usiilaumu modeli, irudishe kwa fundi. Mabaki makali ya chuma karibu na ncha nayo hunasa theluji ghafla, na anayejaribu huandika kwamba skii ina kiburi.

Sasa turudi nyumbani, ambako mlima wetu, Kilimanjaro, una mita 5,895 na usiku wa kuelekea kileleni baridi huwa chini ya sifuri. Sehemu ya kulalia ya juu, Barafu, iko zaidi ya mita 4,600, wakati vituo vya Stubai hapa jirani, ambako watu huteleza kwenye barafu ya kudumu, huishia mita 3,210. Yaani anayepanda kwetu anahitaji kifaa kinachomkaa kuliko huyu wa hapa. Msichana anayeanza kazi ya upagazi, kazi ambayo mzigo wake umewekewa kikomo cha kilo 20, mara nyingi huvaa buti la kaka yake. Kisigino cha mwanamke kwa kawaida ni chembamba ukilinganisha na upana wa mbele ya mguu. Ndani ya buti la kiume kisigino hupanda na kushuka, malengelenge huanza siku ya kwanza, na soksi ya pili huongeza tu joto na jasho. Siku ya kushuka kutoka kileleni hadi Mweka mguu mzima huteleza mbele, na kucha za vidole vikubwa huwa nyeusi.

Kulipima buti ni dakika kumi. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zile zile za mlimani. Sukuma vidole hadi mbele kabla ya kufunga kamba. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Funga, kisha simama kwenye ubao ulioinama, vidole vikielekea chini, upige hatua ishirini kwa nguvu. Vidole vikigusa, funga fundo la mizunguko miwili penye kifundo cha mguu, urudie. Vikigusa tena, buti hilo si lako hata kama umelipenda.

Kwa mabuti ya mitumba kuna jambo moja zaidi ambalo limeangusha safari nyingi. Tabaka laini kati ya ngozi na soli mara nyingi ni poliurethani, na unyevu huiozesha polepole hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa. Ndiyo maana buti la Memorial, soko la mitumba pale Moshi, linaloonekana jipya hufunguka mdomo siku ya pili. Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha pande zote: likipasuka au kumomonyoka kama udongo mkavu, liache. Fundi hawezi kuliokoa kwa gundi, maana gundi inashika unga. Itabidi lote liondolewe na soli mpya ishonwe.

Begi la kulalia nalo linadanganya kimyakimya. Kiwango cha ISO 23537 hutoa joto la starehe, ambalo hukokotolewa kwa mwanamke wa mfano wa kilo 60 na urefu wa mita 1.60, na joto la kikomo, ambalo hukokotolewa kwa mwanaume wa mfano wa kilo 70 na mita 1.73. Kati ya namba hizo mbili kwa kawaida kuna nyuzi tano hadi saba. Ipo na ya tatu, ya hatari, ambayo maana yake ni kunusurika tu. Dukani inayosemwa kwa sauti ni ile iliyo chini zaidi. Dada akiambiwa begi ni la nyuzi 15 chini ya sifuri, aulize: starehe au kikomo? Na mwenye duka asiyahifadhi mabegi yakiwa yamebanwa kwenye mifuko yake. Manyoya na nyuzi za kujazia hulala, zisiinuke tena vizuri. Yaning'inizwe.

Lakini nyumbani tuna kitu ambacho huku hawana, na nakithamini kwa dhati. Majaribio ya Ulaya hufanywa kwa siku chache, skii zikiwa mpya na zimenolewa kwa uangalifu. Baada ya misimu mitatu zitakuwaje, kadi hazisemi. Wapagazi wetu hukaa na kifaa kile kile mlimani mwaka baada ya mwaka: wanajua zipu ipi hufa kwa vumbi, soli ipi hung'oka kwenye changarawe, fimbo ipi huachia kufuli kwenye baridi. Fundi viatu wa sokoni naye amelifungua kila buti na kuona limeundwaje ndani. Ujuzi huo upo vichwani tu.

Uandikwe. Wenye maduka watatu wakiungana wanaweza kuchukua aina sita za mabuti ya kike na wanawake watano wa uzito tofauti, wapagazi wakiwemo, wakapanda kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, na kurudi siku hiyo hiyo, wakibadilishana viatu na wenye miguu ya saizi yao. Anayetaka kupunguza gharama atumie njia za kijiji cha Materuni, chini ya mlima, wakati wa matope. Kadi iwe na mistari michache: kisigino kupanda, vidole kushuka, kifundo kwenye mawe, maji kuingia, na pembeni kilo za aliyevaa na mzigo aliobeba. Baada ya mwaka kadi ile ile ijazwe tena kwa buti lile lile, na fundi aandike chini alichokarabati. Kisha itundikwe dukani, kwenye rafu ya kiatu chenyewe, mahali ambapo dada atakayekuja kesho ataisoma kabla hajasema namba yake.