Imeungua? Nani Kaipima?

Nimechoka na wauzaji wanaoihukumu spika kwa kuisikiliza sekunde mbili. Juzi rafiki yangu alipeleka wufa zake, yaani spika za besi, za inchi 12 dukani kwa sababu zilikuwa zinakwaruza. Kijana akachomeka, akakunja uso, akasema, "Hizi zimekufa kaka, chukua mpya." Hakushika mita, wala hakuzitoa kwenye boksi aziangalie nyuma. Na mpya, kwa bahati nzuri, zilikuwa pale pale kwenye rafu. Bahati iliyoje!

Tatizo lenyewe lilionekana hata bila miwani. Ule ukingo wa povu unaoizunguka koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, ulikuwa umeliwa. Ukiugusa unabaki na unga mweusi unaonata kidoleni. Povu lile huoza lenyewe kwa unyevu, joto na jua, spika ipigwe isipigwe. Likishakatika, koni haishikwi tena vizuri ikae katikati, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaanza kujisugua kwenye chuma cha sumaku, na huo ndio mkwaruzo. Koili zilikuwa nzima kabisa. Mita ilisoma kama omu 6 kwa kila moja, na ndivyo inavyotakiwa kwa spika iliyoandikwa omu 8, maana mita inapima ukinzani wa waya peke yake. Koili iliyokatika haisomi kitu. Kipimo hicho kinachukua muda mfupi kuliko kutoa risiti.

Sasa hebu tuone tulichoambiwa tutupe. Sumaku nzito ambayo haijapungua nguvu. Fremu ya chuma. Koni isiyo na tundu. Koili nzima. Vyote jalalani kwa sababu ya mduara wa povu unaouzwa peke yake, pamoja na gundi yake! Kazi yenyewe inahitaji subira tu: unakwangua povu la zamani lote, unasafisha gundi iliyobaki, unabandika kwanza upande wa koni na kuuacha ushike, kisha upande wa fremu. Kabla gundi haijakaza unaisukuma koni taratibu kwa vidole, pande zote sawa, huku umeinamisha sikio. Ikikwaruza, unaisogeza. Wengine hupitisha mlio mzito wa hezi 30 hivi, kwa sauti ya chini, ili koili ijitafutie katikati. Halafu unaiacha hadi kesho, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu hamu ya kuisikia inawashinda.

Hata ikiwa imeungua kweli, ukainusa ukakuta ile harufu ya vanishi, bado si maiti. Spika nyingi za kazi zina seti zake: koni, koili na spaida (kile kitambaa cha mikunjo kinachoishika koili kwa nyuma) vikiwa vimeshaunganishwa. Fundi anavua vya zamani, anasafisha mwanya wa sumaku kwa utepe wa gundi hadi usitoke na chembe, anapanga vipya. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo rahisi zaidi. Nyingi unabadilisha kiwambo kwa skrubu chache.

"Lakini mpya ni mpya." Mpya ipi? Boksi lile lilipigiwa hesabu kwa spika ile. Tangu kazi za wahandisi Thiele na Small kule Australia, za miaka ya 1960 na 1970, watengenezaji wanakadiria ujazo wa boksi na urefu wa bomba la hewa kwa kufuata tabia za spika yenyewe. Ukichomeka inchi 12 yoyote, skrubu zitaingia vizuri tu, ila besi itavuma kama pipa tupu, na utakaa unalaumu amplifaya.

Haya, nakubali shingo upande: spika iliyoanguka sumaku ikahama, iache. Vile vispika vya plastiki vilivyogundishwa visifunguke kamwe, sawa. Na kuna mafundi wanaobandika koni kwa gundi yoyote iliyo karibu; hao nao wana dhambi zao.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hakuna anayeuliza iliunguaje. Wufa ya kawaida hugeuza kama asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, nyingine karibu yote ni joto linalobaki kwenye koili. Amplifaya iliyozidiwa, inayokata vilele vya mawimbi, inaongeza joto hilo, na twita ndiyo hutangulia kufa. Ukifunga mpya bila kugusa chanzo, umeinunulia amplifaya chakula kingine. Nimewauliza wauzaji swali hilo mara nyingi. Jibu huwa ni moja, kwamba mpya ina waranti. Isome hiyo waranti, mahali pameandikwa koili iliyoungua.