Askari Mtoro, Duka Lililovunjwa na Hukumu ya Kifo

Tarehe 3 Julai 2024, mahakama ya kijeshi ya Butembo, mkoani Kivu Kaskazini, iliwahukumu kifo wanajeshi 25 wa jeshi la Kongo, FARDC, kwa makosa ya kumkimbia adui, wizi na kukiuka amri. Siku chache kabla, waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa Kanyabayonga. Kizimbani walisimama pia wanawake wanne, wake wa baadhi ya askari hao, walioshtakiwa kwa kupokea bidhaa ambazo waume zao walidaiwa kuziiba madukani. Wao waliachiwa huru.

Wanaotetea ukali huu wana hoja nzito. Raia aliyevunjiwa duka na mtu aliyevaa sare ya taifa hupoteza mali, na pamoja nayo hupoteza imani kwamba kuna jeshi la kumlinda. Tena tumeshaona upole unachozaa. Mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa M23 tarehe 20 Novemba 2012, wanajeshi wa serikali waliorudi nyuma hadi mji mdogo wa Minova walipora na kubaka kwa siku kadhaa, na Umoja wa Mataifa ulithibitisha kwamba wanawake na wasichana wasiopungua 130 walibakwa. Kati ya washtakiwa 39, waliopatikana na hatia ya ubakaji Mei 2014 walikuwa wawili tu, ingawa wahanga walijikaza kufika mbele ya mahakama wakiwa wamefunika nyuso zao. Anayekumbuka Minova hawezi kumlaumu mtu anayedai kwamba safari hii sheria iume.

Hata hivyo, nina shaka kama kifo ndicho kinachokosekana. Mtoro aliyekwisha kimbia, akijua kwamba kurudi kikosini ni kujipeleka kwenye hukumu ya kifo, hana sababu ya kurudi. Hubaki porini na bunduki yake, na bunduki hiyo ndiyo inayomlisha. Adhabu iliyokusudiwa kumzuia asikimbie humfungia njia ya kurejea, na gharama yake hulipwa na kijiji kilicho karibu naye.

Kisha lipo suala la mshahara, ambalo kwangu ndilo kiini. Januari 1993, enzi za Mobutu, wanajeshi mjini Kinshasa walilipwa kwa noti mpya za milioni 5 za zaire, sarafu ya nchi wakati huo. Wafanyabiashara walizikataa, kwa kuwa upinzani ulikuwa umetangaza kwamba si fedha halali. Mtu aliyepanga foleni ya mshahara, akapewa karatasi isiyonunua hata unga, alirudi dukani na silaha, na mji ukaporwa. Simtetei, kwa sababu mwenye duka hakuwa ameichapisha noti ile. Lakini uporaji huo ulikuwa umeanzia ofisini kabla ya kufika barabarani. Miaka kumi na kitu baadaye, Umoja wa Ulaya ulisaidia kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri, kwa sababu fedha zilizopitia mikononi mwa makamanda zilipungua kabla ya kumfikia askari, na orodha za vikosi zilijaa majina ya watu wasiokuwepo.

Ni haki kukiri kwamba sheria haiwagusi wadogo pekee: Mei 2024 mahakama ya kijeshi mjini Goma iliwahukumu kifo wanajeshi wanane, watano kati yao wakiwa maofisa. Lakini nao walihukumiwa kwa woga na kumkimbia adui. Kuacha kikosi bila chakula wala risasi si kosa linaloonekana kwa urahisi katika hati ya mashtaka kama kukimbia kunavyoonekana.

Kwa hiyo ningependa mahakama hizi ziendelee kukaa karibu na raia walioporwa, lakini zimwite pia mhasibu wa kikosi na daftari lake la malipo, na zimwulize mwenye duka ni mali gani iliyochukuliwa na nani atakayemlipa.