Kabla ya kuniuliza umri wa kinyago, kigeuze

Watu wanaojua kwamba napenda vitu vya kuchonga hunitumia picha kwenye simu. Kinyago kilichokutwa stoo baada ya babu kufariki, kisanamu cha pembe kilichonunuliwa safarini, kichwa cha jiwe ambacho muuzaji aliapa kina miaka 500. Picha huwa moja, ya uso, tena imepigwa kwenye mwanga mzuri. Swali nalo huwa moja: ni cha kale kweli, au nimeuziwa feki?

Jibu langu halibadiliki. Kigeuze. Nipigie picha ya mgongoni, ya ndani, ya kitako, ya matundu ya kamba. Uso ndio sehemu ambayo mghushi ameihangaikia kuliko zote, maana anajua macho ya mnunuzi yanaanzia hapo na mara nyingi yanaishia hapo hapo. Akifika mgongoni ameshachoka.

Chukua kinyago cha kuvaa. Kama kweli kilichezewa ngoma miaka nenda miaka rudi, ndani yake utaona mahali palipogusa paji la uso na kidevu pamelainika na kung'aa kwa jasho na msuguano, na kwingine pamebaki pakavu. Matundu ya kamba yatakuwa yamelika upande mmoja tu, ule uliokuwa ukivutwa. Niliwahi kushika kimoja kilichokuwa cheusi kwa moshi, nyufa za mashavuni zimejaa masizi, sura ya kutisha hasa. Nilipokipindua, kingo za matundu zilikuwa kali pande zote, na ukingo unaopaswa kukaa shavuni ulikuwa bado na vibanzi vinavyochoma kidole. Hakuna mtu aliyewahi kukivaa kile hata kwa dakika kumi. Mwenye nacho alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha matundu ya wadudu kama ushahidi wake wa mwisho. Nikaingiza waya mwembamba, tundu baada ya tundu. Mdudu anayekula mti hupinda huku na huko akitafuta sehemu laini. Matundu yale yalikwenda wima, yote kwa kina kilekile. Ilikuwa kazi ya drili.

Moshi, majani ya chai, rangi ya viatu, kufukia kitu ardhini ili mchwa wakionje kidogo: mbinu hizi zinajulikana na zimetumika sana. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kinyago kile kilichongwa vizuri mno. Aliyekichonga alistahili kuuza kazi yake kwa jina lake, leo, bila kusingiziwa babu ambaye hakuwahi kuwapo.

Pembe nayo husomwa kitakoni. Palipokatwa kukingama huonekana mistari inayopishana kama wavu. Ukipima ile iliyo karibu na ukingo wa nje, ya tembo wa leo kwa kawaida hupishana kwa zaidi ya nyuzi 115, ya mamothi, jamii ya tembo iliyokwisha kutoweka, chini ya nyuzi 90. Mfupa hauna wavu huo, una vidoti na vijistari vidogo vyeusi, na plastiki haina hata kimoja. Lenzi ya mkononi inatosha kuanzia.

Wengi huniambia wapeleke maabara yaishe. Hayaishi. Kipimo cha kaboni husema mti ulikua lini, hakisemi patasi iliugusa lini. Mghushi akipata boriti ya nyumba iliyobomolewa, akachonga humo, maabara itamtolea umri wa boriti. Hata mti wenyewe ukiwa wa kati ya mwaka 1650 na 1950 hivi, majibu hutawanyika kiasi kwamba huwezi kutenganisha karne moja na nyingine. Na kwa jiwe, kipimo hicho hakiwezi kusema lilichongwa lini.

Ndiyo maana kisa cha mafuvu yaliyochongwa kwa kwatzi, jiwe angavu kama kioo, kinanivutia. Makumbusho ya Uingereza, British Museum, ilinunua moja mwaka 1897 kutoka kampuni ya Tiffany, na kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa kazi ya Waazteki wa Mexico. Watafiti walichukua nakala ya mikwaruzo yake kwa silikoni na kuitazama kwenye hadubini ya elektroni. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha alama za gurudumu la kusagia, kifaa ambacho wachongaji wa Mexico hawakuwa nacho kabla ya Wazungu kufika. Fuvu jingine, lililotumwa kwenye makumbusho ya Smithsonian ya Marekani kwa posta mwaka 1992 bila jina la mtumaji, lilikuwa na mabaki ya kabonirandi, unga wa kusagia unaotengenezwa kiwandani. Nyaraka nazo zilifuatwa nyuma, na fuvu la London likaonekana limepitia mikononi mwa Eugène Boban, Mfaransa aliyekuwa akiuza vitu vya kale.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wengi. Wao huuliza kama kitu ni halisi, wakijibiwa ndiyo wanalala usingizi. Mimi nataka kujua kimepita mikono ya nani, kwa sababu kitu kinaweza kuwa halisi kabisa na kikawa cha wizi. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni mfano ulio karibu nasi. Ni nguzo za mbao zinazosimikwa kwa ajili ya wazee waliofariki, na si vitu vya kuuzwa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vigango vile vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika huko Marekani, zikaonyeshwa slaidi za vigango vya makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois, na Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilipatikana kwenye makumbusho ya Hampton, Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi Kenya.

Mtaalamu yeyote angeviangalia vigango vile huko Marekani angesema ni vya kweli, na asingekosea. Kilichovirudisha kwao ni ile picha ya mzee amesimama navyo, kila kimoja mahali pake.